Kichwa kimechoka, miguu haijachoka: mwongozo wa mazoezi ya jioni kwa wanaofanya kazi za akili hapa Lamu

Karibu kila wiki naulizwa swali moja, anaeuliza ndie hubadilika. Leo ni mwalimu aliyeshinda akisahihisha mitihani, kesho ni kijana wa kazi za mtandaoni zile za kusikiliza sauti na kuandika, kesho kutwa ni dada wa M-Pesa aliyekuwa akifunga hesabu za float, au mhasibu wa hoteli kule Shela. "Mimi nimekaa kwenye kiti kutwa nzima sijabeba hata ndoo ya maji, mbona nikitoka kutembea jioni miguu mizito vile, nishazeeka ama?"

Hujazeeka, na si uvivu pia. Hilo neno uvivu naomba uliache kabisa manake nimeona watu wazuri wameacha mazoezi moja kwa moja kwa kujiita wavivu na walikuwa hawana kosa lolote.

Nadharia ntakupa kidogo tu kisha twende kazini. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor kule Wales walichukua watu 16, siku moja wakawaweka mbele ya kompyuta dakika 90 wafanye jaribio la kukaza akili, siku nyingine muda huo huo wakawatizamisha filamu tulivu za maelezo, halafu siku zote mbili wakawapandisha baiskeli ya mazoezi wakanyage kwa kiwango kimoja kigumu mpaka washindwe. Siku ya filamu walihimili wastani wa sekunde 754. Siku ya akili kuchoka, 640. Karibu dakika mbili zimepotea na hakuna aliyebeba gunia! Na walipopima moyo na damu hawakuona sababu ya mtu kuacha mapema, ila wenyewe tokea mwanzo walikuwa wakisema leo kazi ni nzito zaidi. Boti ni ile ile, injini ile ile na mafuta yamo, ila nahodha amechoka kwa hivo kila wimbi analiona kubwa.

Kwa hivo huo uzito unaousikia ni wa kweli, hujiongopei, lakini hautoki miguuni. Ukishalijua hilo utabadilisha mazoezi ya siku hiyo yafanane na kichwa chako badala ya kuyafuta. Mwongozo wote huu ni huo tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Raba ulizozizoea. Sio kandambili, na raba mpya usizivalie siku ya kwanza kwenye mchanga wa Shela.
- Chupa ya maji.
- Kitu chepesi cha kula: ndizi mbivu, tende tatu nne, au kipande cha mkate. Mahamri na mbaazi ni chakula kizuri lakini kiwe saa mbili kabla, sio unatafuna huku unafunga kamba za viatu.
- Saa au simu yenye stopwochi.
- Daftari dogo, hata lile la duka la shilingi chache linatosha.
- Habari za maji kujaa na kupwa. Ukiwa unaelekea Shela kwa njia ya pwani au unataka kutembea ufuoni hili si jambo la hiari, uliza mvuvi yeyote. Maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku kwa hivo njia uliyopita kavu Jumatatu saa kumi na moja, Ijumaa saa hiyo hiyo haitakuwa vile, na siku za bamvua ndio zaidi.
- Mwenzio wa kutoka nae, ukimpata.

Usivyohitaji: jimu, sapulimenti, programu ya kulipia kwenye simu, wala yale maji ya mkebe ya kutia nguvu.

Kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au una mimba, muone daktari kwanza akwambie kiwango chako kisha urudi hapa.

Hatua zenyewe

1. Pima kichwa na miguu mbali mbali

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanajiuliza "nimechoka?" jibu linakuwa ndio, wanalala. Wewe jiulize maswali mawili. La kwanza: kichwa changu leo ni ngapi kati ya 0 na 10? Sufuri ni kichwa cheupe kama asubuhi ya Ijumaa umelala vizuri, kumi ni ile hali umesoma mstari mmoja mara nne hauingii. Andika.

La pili ni la miguu, na hili usilijibu kwa kuwaza. Kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, simama na ukae mara 10 bila kujisukuma. Ama panda ngazi za nyumba mpaka juu darini mara moja kwa mwendo wa kawaida. Miguu ikifanya bila maumivu na bila kutetemeka, basi miguu yako ni mizima na uchovu unaousikia ni wa kichwa. Ikiuma au ikitetemeka, pengine jana uliikimbiza sana au mwili ni mgonjwa, na hapo mwongozo huu si wako leo, pumzika.

2. Funga kazi kabla hujafunga kamba

Andika kwenye karatasi mambo matatu uliyoacha na utakayoanza nayo kesho. Funga laptopu kweli kweli, sio kuifunika tu huku barua pepe zinalia. Kazi ambayo haijafungwa inatoka na wewe, utafika hospitali ukielekea Shela na bado unabishana na meneja kichwani.

Onyo: usipumzike kwa simu. Najua ndio raha ya watu wote sasa, ukitoka kazini unajitupa kwenye kochi unapitisha video moja baada ya nyingine, lakini kila video unaamua niitizame au niipite, kila ujumbe unaamua nijibu au nisijibu, na kuamua ndiko kulikokuchosha tokea asubuhi. Nusu saa ya hivo haihesabiki kuwa mapumziko, kwa maoni yangu ni ovataimu isiyolipwa.

3. Pumzika dakika 15 mpaka 30, pumziko la kweli

Oga au nawa uso na miguu kwa maji baridi, swali alasiri kama hujaswali, kaa uani au barazani utizame watu wanaopita, zungumza na mama mambo yasiyo ya kazi. Kunywa maji glasi moja au mbili. Waliokaa chini ya panka kutwa hawasikii kiu na wakitoka nje kwenye joto la kaskazi ndio wanagundua walikuwa wakavu. Kula kile kitu chepesi kama chakula cha mchana kilikuwa zamani.

Ukitaka kulala lala dakika 20 na uweke alamu. Ukipitisha hapo utaamka mzito kuliko ulivyolala, na jua limeshazama.

4. Kahawa: ndio, lakini tizama saa

Kahawa inasaidia hapa na sababu inajulikana. Ubongo ukifanya kazi ndefu inakusanyika ndani yake kemikali inayoitwa adenosini ambayo hufanya mtu ajisikie mzito na mwenye usingizi, na kafeini inakaa kwenye milango yake ikaizuia isiingie. Kikombe kimoja au viwili vidogo vya kahawa tungu kama dakika 45 kabla ya kutoka vinatosha.

Tatizo ni usiku. Kafeini kwa mtu mzima wa kawaida huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hivo ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado imo mwilini. Ukikosa usingizi kesho kichwa kinaanza siku kikiwa 5 badala ya 1, unaongeza kahawa, na hapo umeingia kwenye duara. Mie nashauri mwisho iwe saa tisa mchana. Kama unatoka jioni kabisa basi nenda bila kahawa.

5. Chagua mazoezi kulingana na alama ya kichwa

Hii ndio hatua kubwa kwa hivo isome polepole. Tafiti zilizofuata ile ya Bangor zimeonyesha kwamba nguvu za mara moja, yaani kuruka, mbio fupi za sekunde chache, kunyanyua kitu kizito mara moja, haziguswi sana na uchovu wa akili. Kinachoumia ni uvumilivu, kukimbia au kutembea kwa bidii muda mrefu, na pia umakini. Wachezaji wa mpira waliofanyishwa jaribio la kuchosha akili dakika 30 kabla ya kupimwa walikimbia masafa mafupi zaidi na pasi zao zikapoteza ubora. Kwa hivo:

Kichwa 0 mpaka 3: fanya ulichopanga. Kama siku yako ndefu ya wiki ni leo, nenda. Mjini mpaka Shela ni kama kilomita 3 kwenda, na ukifika kuna ufuo wa kama kilomita 12, hutomaliza njia.

Kichwa 4 mpaka 6: punguza masafa au punguza mwendo, moja kati ya hayo, usipunguze vyote. Ulikuwa ukimbie dakika 40, kimbia 25 kwa mwendo ule ule. Au tembea dakika 40.

Kichwa 7 mpaka 8: acha kukimbia kwa muda mrefu. Fanya nguvu nyumbani, vipande vifupi: kukaa na kusimama mara 8, pushapu 6 (za ukutani kama za chini hazijakuja), kunyanyua jeri keni la lita 10 mara 8 kila mkono, pumzika dakika mbili, rudia mara tatu. Idadi uiamue KABLA, usifanye mpaka ushindwe, kwa sababu kule kwenye kushindwa ndiko kichwa kilichochoka kinakopiga breki mapema na utaondoka umevunjika moyo. Mazoezi haya ni mazuri pia kwa dada zangu ambao hawapendi kutoka jioni watu wamejaa, kiwanja cha nyumba au juu darini panatosha.

Kichwa 9 mpaka 10: tembea dakika 15 tu, taratibu, bila kupima kitu chochote. Hiyo ni siku nzima ya mazoezi na imehesabika.

Onyo la hatua hii: siku ya 7 kwenda juu usicheze mpira wa ushindani wala usijifunze kitu kipya cha hatari, usipande baiskeli kwenye njia nyembamba za ndani, usiogelee peke yako mbali na ufuo wa Shela ambako mkondo una nguvu. Akili iliyochoka inachelewa kuona. Punda aliyebeba mawe hatakusubiri uamke, na siku hizi kuna bodaboda.

6. Dakika kumi za kwanza nenda polepole mpaka uone haya

Ukianza kwa mwendo wako wa kawaida kichwa kitasema "leo ni nzito" na utaamini. Anza chini. Ukianzia Mkunguni mbele ya Ngome, shuka pwani utembee kama unaenda kumuona mgonjwa, wapishe watu na mikokoteni, na usiitizame saa.

Dakika ya 10 ikifika jiulize upya kichwa ni ngapi. Wengi hushuka alama moja au mbili. Ikiwa imeshuka au imebaki pale pale, endelea na mpango. Imepanda? Geuka urudi, umeshafanya dakika 20 jumla na hakuna deni. Sharti ni kwamba uamuzi wa kuacha hauruhusiwi kufanyika nyumbani, unafanyika dakika ya 10, nje, ukiwa umevaa viatu.

7. Katikati ya njia ongozwa na pumzi, achana na kasi

Kuna kipimo cha uzito wa kazi alichokianzisha Gunnar Borg wa Sweden ambacho mpaka leo kinatumika duniani, unajipa alama ya jinsi kazi inavyokuelemea. Tumia cha 0 mpaka 10. Jioni ya kichwa kizito kaa kwenye 3 au 4, yaani unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi lakini kuimba huwezi. Kasi itakuwa ndogo kuliko Jumamosi asubuhi na ni sawa kabisa, ukilazimisha kasi ya Jumamosi utakuwa unaisikia kama 7 na utaichukia njia yote.

Mazungumzo na mwenzio yanasaidia, ila mkubaliane hakuna habari za ofisini. Muziki au mawaidha sikioni pia sawa, sikio moja tu, la pili libaki la punda na boda.

8. Rudi, kunywa, andika mistari miwili

Andika: kichwa kabla, kichwa baada, nilifanya nini, usingizi wa usiku ulikuwaje. Basi. Hiyo "kichwa baada" ndio itakayokutoa kwenye kochi wiki ijayo, utaiona kwa mwandiko wako mwenyewe kwamba ulitoka na 7 ukarudi na 4, na hakuna maneno yangu yatakayokushawishi kuliko hayo.

9. Baada ya wiki mbili panga wiki yako upya

Tizama daftari. Utaona kuna siku kichwa kinakuwa juu kila wiki, kwa mwalimu pengine ni siku za mitihani, kwa mhasibu mwisho wa mwezi. Siku hizo ziwe za nguvu fupi au matembezi, na yale marefu yahamishe asubuhi baada ya alfajiri kabla kazi haijakigusa kichwa, au siku ya mapumziko. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki na halijasema lazima ziwe jioni wala lazima ziwe sawa kila siku.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kulipiza. Mtu kakosa Jumanne na Jumatano kwa kazi, Alhamisi na kichwa chake 8 anataka kukimbia za siku tatu. Acha, zilizopita zimepita.

Kujilinganisha na mabaharia na wachukuzi. "Wale wanabeba mizigo kutwa na jioni wanacheza mpira, mimi nimekaa tu." Kazi yao imechosha misuli na misuli yao imezoea, yako imechosha sehemu nyingine. Usihukumu mwili kwa kazi ambayo hukuifanya.

Sukari. Kichwa kikichoka kinataka kitu kitamu na cha haraka, kuna utafiti wa Paris wa mwaka 2022 ulioona watu waliofanya kazi ngumu ya akili siku nzima wanachagua zaidi kitu chepesi kinachopatikana sasa hivi kuliko kikubwa cha baadae. Kaimati sahani nzima kabla ya kutoka ni uamuzi wa kichwa kilichochoka. Weka tende mezani tokea asubuhi, uamue ukiwa mzima, jioni usianze kuchagua.

Na kwa sababu hiyo hiyo nguo na raba zitoe usiku uliotangulia. Kila kitu cha kuamua jioni kiondoe.

Ikikwama

"Nimefuata yote, dakika ya 10 kichwa kinapanda kila siku." Angalia usingizi kwanza, chini ya saa sita mfululizo hakuna hatua itakayofanya kazi. Ukilala vizuri na bado, hamia asubuhi kwa wiki mbili.

"Asubuhi siwezi, natoka mapema kuvuka kwenda Mokowe." Basi gawanya, dakika 10 za haraka mchana kabla ya chakula, 10 jioni. Zinahesabika.

"Nikirudi nashindwa kulala." Umeenda kwa nguvu mno au umechelewa mno, au ile kahawa. Maliza kabla ya magharibi, na siku unayotoka baada ya isha iwe ya kutembea tu.

"Je hali hii itaisha au nitakuwa hivi maisha?" Inapungua. Waendesha baiskeli wa kulipwa walipochoshwa akili kabla ya kupimwa hawakupungua kama walivyopungua wale wa kujifurahisha. Inawezekana walizaliwa hivo, inawezekana miaka ya mazoezi imewajenga, lakini kwa nilivyowaona watu wa hapa wanaoshikilia hizi dakika chache, baada ya miezi ile jioni ya 7 haiwatishi tena.

"Kichwa kinauma nikitembea." Kunywa maji, pumzisha macho, jaribu siku mbili bila skrini saa moja kabla ya kutoka. Kikiendelea nenda ukapimwe macho na presha.

"Mwezi sasa nimechoka tu, hata siku za mapumziko, hata nikilala." Hapo tusidanganyane, sio kazi ya akili tena. Upungufu wa damu, kisukari, malaria, tezi ya shingo, na huzuni iliyokaa ndani, yote huja na sura ya uchovu. Nenda hospitali upimwe damu. Na ukiwa njiani ukasikia kifua kinabana, maumivu yanashuka mkono au taya, pumzi inakata kuliko kawaida au kizunguzungu, simama hapo hapo, kaa, ita mtu, usijilazimishe kufika nyumbani kwa miguu.

"Na Ramadhani?" Hatua ya 5 inabaki vile vile ila teremsha kila kitu ngazi moja: kichwa 4 kifanyie kama 7. Matembezi mepesi yawe dakika 20 au 30 kabla ya kufuturu, ili ukimaliza maji yawe karibu. Mazoezi ya nguvu yafanye baada ya tarawehe ukishakunywa vya kutosha, na kipindi cha joto kali kukimbia mchana kusiwepo kabisa.